Habu Inashikwa kwa Mgongo wa Mkono

Siku moja kabla ya kumsafirisha mke wangu kwenda kuzikwa, nilikuwa nimekaa chini uani kwetu Karatu, nimefungua magurudumu ya trela. Watu waliokuja msibani walinikuta nina grisi mpaka karibu na viwiko. Walininyooshea mkono kunipa pole, mimi nikawanyooshea kiwiko. Wengine walinong'ona kwamba akili imeshahama. Wacha waseme. Trela halijui kama una msiba.

Asiyejua kazi yetu ataona ni wazimu kweli, kwa hiyo nieleze. Mimi ni dereva. Kwa miaka mingi nimebeba wageni wa kambi, wale wasiolala lojini, na nyuma ya gari nilivuta trela lililojaa mahema, magodoro, mitungi ya gesi na vyombo vya jikoni. Mpishi alikuwa mke wangu. Trela lilikuwa letu wote wawili, tulilipata likiwa kuukuu, tukalipaka rangi ya kijani ambayo yeye aliichagua na mimi sikuipenda hata siku moja.

Trela halina injini, ndiyo maana watu wanalisahau. Gari wanalibadilishia oili, wanalipuliza vumbi, wanalipa kila linachotaka. Trela wanaliacha pembeni, kuku wanataga chini yake. Lakini gurudumu la trela linazunguka sawasawa na la gari, na ndani yake, pale katikati tunapopaita habu, kuna beringi: vibiringi vidogo vya chuma vilivyopangwa mduara, vinavyobeba uzito wote. Vikikaukiwa grisi, vikiingiwa na vumbi la nyikani au maji ya korongo, vinapata moto na kusagana. Siku moja unaendesha zako, unaona gurudumu linakupita barabarani, unalishangaa la nani, kumbe ni lako.

Kwa hiyo kila masika ilipokwisha, kabla wageni hawajaanza kumiminika, tulizifungua. Mimi nilipiga jeki, nikatoa gurudumu, nikabandua kifuniko cha habu kwa bisibisi, nikanyoosha pini na kuichomoa, nikafungua nati, nikavuta habu nzima. Beringi tuliziosha kwa mafuta ya taa kwenye karai mpaka chuma king'ae. Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake. Alichota grisi akaiweka kwenye kiganja, akaikandamizia beringi ukingoni, tena na tena, mpaka grisi ichomoze upande wa pili katikati ya vibiringi. Mimi kwenye hilo nilikuwa bure kabisa. Nilikuwa napaka juu juu, nadhani nimemaliza. Yeye alikuwa na mikono ya kukanda chapati za watu wazima ishirini kabla jua halijachomoza, grisi ilikuwa inamsikiliza. Alinicheka. "Wewe unaipaka mafuta ya kwenda kanisani," aliniambia. "Beringi inataka kushibishwa."

Tukiwa safarini tulikuwa na utaratibu wetu. Kila tuliposimama, kabla ya mtu kwenda kujisaidia, kabla ya picha, nilishuka nikazunguka trela na kushika habu zote kwa mgongo wa mkono. Sio kiganja. Ukiunguza kiganja, usukani utaushika na nini. Yeye alishusha kioo akaniuliza, "Vipi?" Nami nikamjibu, "Baridi." Akasema, "Haya, twende." Hatukuwa na mapenzi ya kuandikiana kadi sisi. Tulikuwa na hilo.

Halafu akaugua. Sitaki kusimulia hospitali, kila mtu ana hospitali yake kichwani. Nitasema tu kwamba siku alipojua kwamba harudi jikoni, alinishika mkono akasema, "Usinipeleke kwenu. Kule mgombani nani ananijua? Hatuna mtoto wa kunipalilia. Nizike Digodigo, kwa mama, karibu na mfereji." Nikasema sawa. Akasema, "Apa." Nikaapa. Sikumbuki kama nililia wakati ule. Baada ya pale ndio nina hakika sikulia, maana nilikuwa nikisubiri nilie na haikuja. Alipokata roho nilitoka nje nikaanza kukunja mablanketi.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro, na kwetu mke huzikwa kwa mumewe, kwenye migomba, karibu na nyumba. Kaka yangu mkubwa ndiye amebaki badala ya baba. Alifika na basi akiwa amevaa koti lake la msiba, akakaa, akanywa chai, akasikia kwamba jeneza linaelekea Digodigo, akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu," akasema, "nikirudi nyumbani wakaniuliza shemeji amelala wapi, nitawajibu nini?"

"Waambie amelala kwa mama yake."

"Umeolewa wewe au umeoa?"

Mchungaji aliingilia. Ndugu wa mke wangu waliinamisha vichwa kama watu waliokuja kuomba kitu kikubwa. Mwisho kaka alikubali, lakini kwa masharti, na aliyasema mbele ya wote. "Sawa. Ila njia ile naifahamu. Likikwama gari, likikwama trela, mimi nitajua Mungu amekataa. Tunageuza hapo hapo, anakwenda kulala nyumbani kwetu. Na hapo sitaki mtu aninunie."

Nikasema sawa. Kisha nikainuka nikaenda kutafuta jeki.

Ndiyo sababu nilikuwa chini uani, na si wazimu. Magari ya kubebea maiti ya pale mjini hayataki njia ya Digodigo. Inakupandisha msituni mpaka ukingo wa kreta, lile shimo la volkeno, inakuteremsha Malanja, halafu inakutupa nyikani kwenye mawe na mchanga mpaka Sale. Jeneza lingelala kwenye trela, na trela lilikuwa limekaa muda wote wa ugonjwa bila kuguswa. Kiapo changu chote kilikuwa kimekalia zile beringi.

Nilizifungua, nikaziosha, nikazikagua, zilikuwa nzima. Nikachota grisi nikaanza kushindilia. Ilikuwa inateleza tu pembeni, haitaki kuingia. Nikajaribu kufanya vidole kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikajaribu tena. Nilikuwa mtulivu mno, hilo ndilo lililowatisha watu. Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, alikuja akachuchumaa karibu. Yeye ni mkulima wa Digodigo, mahindi na maharage ya mferejini, na mtu mwema kupita kiasi. Alinishikia taa ya simu, akanipa spana.

Kuna hatua moja kwenye kufunga ambayo haitaki kukatizwa. Habu ikirudi mahali pake, unakaza nati huku unaizungusha. Unaikaza hasa, mpaka habu izunguke kwa uzito, ili beringi zikae sawasawa. Halafu unailegeza. Unaikaza upya kwa vidole tu, basi, ndipo unapiga pini na kifuniko. Ukiiacha kwenye ule mkazo wa kwanza, beringi haina pa kupumulia.

Gurudumu la kushoto nililimaliza. La kulia nilikuwa nimekaza ule mkazo wa kwanza, mkono bado uko kwenye spana, nikaitwa kwenye sala. Mchungaji alikuwa amesimama, watu wote wamesimama, na mume wa marehemu hawezi kuwa chini ya trela wakati anaombewa. Nikaenda. Sala ilikuwa ndefu. Walipomaliza wakaja wazee kutoka Buger waliokuwa wakituuzia maharage ya kambini, wakataka kunieleza kila mmoja alivyomfahamu. Niliporudi, gurudumu lilikuwa limefungwa, jeki imeshushwa, na shemeji anajifuta mikono kwa tambara.

"Nimekumalizia, shemeji. Nenda kapumzike."

Nikamshukuru. Kichwa kilikuwa kimejaa pamba. Nilimwangalia, nikaliangalia gurudumu, na hakuna wazo lililogongana na jingine.

Tuliondoka alfajiri. Jeneza tulilifunga kwa kamba za mahema, chini yake tukatandika godoro la kambini. Mimi niliendesha, kaka akakaa mbele, pale alipokuwa akikaa mke wangu. Nyuma yetu lilikuja gari lingine lenye ndugu zake na akina mama wa kwaya. Lami yote mpaka geti la hifadhi niliendesha nikilitazama trela kwenye kioo.

Getini, wakati askari wanatupa pole na kuangalia vibali, nilishuka nikashika habu. Kushoto baridi. Kulia vuguvugu. Nikajiambia ni grisi mpya, huwa inafanya hivyo mwanzoni. Uongo. Haifanyi hivyo, na mimi najua haifanyi hivyo. Nikageukia kioo cha mlango wa mbele kwa mazoea, na kaka alikuwa amekishusha.

"Vipi?" akauliza.

"Twende," nikasema.

Msituni kulikuwa na ukungu na tope jekundu. Tulipanda kwa gia ya pili, trela linavuta nyuma, na karibu na pale wageni wanaposimamishwa kuitazama kreta nilisikia harufu. Anayeijua haisahau: grisi inayoungua. Nikasimama pembeni. Nilishuka, nikatanguliza mgongo wa mkono kwenye habu ya kulia, nikauondoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria. Ngozi ya juu ya vidole viwili ilibaki nyeupe, kisha ikafura lengelenge. Niliitazama tu. Iliuma, lakini kwa mbali.

Kaka alikuwa ameshashuka. "Kuna nini?"

"Habu imeshika moto."

Alitazama tulikotoka, kisha akanitazama mimi. Nilijua anafikiria nini, na alijua najua. Gari la pili likasimama, watu wakateremka mmoja mmoja, wakajikunyata kwa baridi. Shemeji alikuja akainama kwenye gurudumu, na palepale uso wake ukabadilika.

"Shemeji," akasema taratibu, "ile nati ni mimi niliyeiwekea pini."

"Najua."

"Sikuigusa. Nilidhani umeshaikaza."

"Nilikuwa nimeikaza. Ndilo tatizo. Niletee mawe ya kuzuia magurudumu."

Sikuwa na hasira naye. Ningependa kusema nilimsamehe, lakini kusamehe kunataka uwe na kitu ndani, na mimi sikuwa nacho. Nilitoa jeki. Na hapo ndipo tulipokwama kweli, maana barabara ilikuwa imelalia upande, na nikiinua trela upande mmoja, jeneza lingeteleza. Ilibidi litoke. Nilimwambia kaka hivyo, nikasubiri aseme tunageuza.

Kaka alitazama chini, tope tupu. Alivua lile koti lake la msiba, akamkabidhi mmoja wao.

"Asiwekwe chini," akasema. "Njooni wanaume."

Walifungua kamba wakamtoa, wakambeba mabegani, kaka mbele kulia. Wakasimama naye pale kando ya barabara. Kreta haikuonekana, wingu lilikuwa limeijaza yote. Magari ya wageni yalipita polepole, madereva wenzangu wakazima muziki, wengine wakavua kofia. Akina mama wakaanza kuimba, kwa sauti ya chini, wimbo ambao wanaume waliobeba hawakuuitikia kwa sababu pumzi walikuwa wanaihitaji.

Mimi nilifungua gurudumu. Kifuniko kilikuwa cha moto, nikakishika kwa tambara. Nati ilinipa kazi. Habu ilipotoka, grisi ilimwagika nyembamba, imekuwa uji, na beringi ya nje ilikuwa imebadilika rangi, ya buluu, chuma kilichopikwa. Ya ndani ilikuwa imepona. Ile ya nje isingetufikisha hata Malanja.

Kwenye sanduku la vifaa kulikuwa na kopo la unga wa maziwa. Mke wangu ndiye aliyeliweka humo, kwa ajili ya akiba, na tangu augue sikuwa nimelifungua. Ndani kulikuwa na beringi imefungwa kwenye nailoni, ameshaishibisha grisi kabisa, ili ikitokea dharura njiani nisihangaike. Nikaifungua. Grisi ilikuwa imekauka kidogo juu, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zimo, zimepangana pembeni, kidole gumba na vile vingine, pale alipokandamiza.

Niliishika muda. Nilijiambia, sasa utalia, hii ndiyo yenyewe. Nikasubiri. Wale wanaume walikuwa wamebeba, na mimi nimekaa kwenye tope nikisubiri machozi kama mtu anayesubiri basi. Hayakuja. Nikaiingiza beringi mahali pake. Alama zilipotea ndani ya habu, na nilijua zinapotea.

"Nani ampokee mzee?" mtu mmoja aliuliza nyuma yangu. Kaka yangu si kijana, na miguu yake huvimba kwa gauti.

"Sijachoka," kaka akajibu. Kisha akaniambia mimi, bila kugeuza shingo, "Wewe fanya taratibu. Usiharakishe kitu."

Nikakaza nati huku nazungusha, mkazo wa kwanza. Nikailegeza. Nikaikaza kwa vidole, nikatikisa habu, haikucheza. Nikapiga pini, nikaikunja miguu. Hakuna aliyeniita kwenye sala. Nikafunga gurudumu, nikashusha jeki, na wakamrudisha juu ya godoro lake. Bega la kaka lilikuwa limeacha mkunjo kwenye shati. Alivaa koti, akapanda, akafunga mlango. Neno kugeuza halikutajwa na mtu, na kaka hakulitaja tena mpaka leo.

Malanja, kwenye ule uwanda ambapo ng'ombe wa Wamasai huwa wanalisha kando ya njia, nilisimamisha gari. Kabla sijafungua mkanda, kaka alikuwa ameshashuka. Alizunguka trela akasimama kwenye gurudumu la kulia.

"Inashikwaje?"

"Kwa mgongo wa mkono."

Akaigusa kwa woga, akaiacha, akaigusa tena akatulia. "Baridi," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Tulipanda gari tukaendelea, na kila kituo baada ya hapo alishuka yeye, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umevimba. Olbalbal, baridi. Nyikani, vumbi tupu, baridi. Kwenye mawe ya kuteremka Sale nilisikia trela linarukaruka nyuma, nikapunguza mwendo mpaka ng'ombe wakatupita.

Tulifika Digodigo jua likiwa limeanza kulegea. Watu walikuwa wamejaa kando ya mfereji, kaburi limeshachimbwa pembeni ya la mama yake. Niliosha mikono mferejini kwa mchanga. Grisi ya kwenye kucha haikutoka. Shemeji alinipa jivu, haikutoka nalo, nikaiacha.

Walifungua kidirisha cha jeneza ili watu waage. Mstari ukapita, mmoja mmoja, wengine wakilia kwa sauti, na mimi nilisimama pale kichwani nikiwaangalia kama mtu anayepanga mizigo. Kaka alipita, akakaa kidogo, akaenda zake akijifuta uso na mkono wa koti. Mume ni wa mwisho. Wakanisogeza.

Sikujua la kufanya. Nilimtazama. Mkono ukanyanyuka wenyewe, sikuutuma, ukageuka upande wake, nikamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, pale pale palipoungua. Lile lengelenge lilikuwa likiniwaka tangu asubuhi. Likatulia.

"Baridi," nikamwambia.

Nikasimama pale nikimsubiri aseme haya, twende. Watu waliningojea. Mchungaji alikohoa kidogo. Niliendelea kumsubiri, na hapo ndipo nilipolia, mpaka kaka alipokuja akanishika bega na kunitoa.